Kutoka Mombasa hadi Nairobi: Njia Moja, Taratibu Tano



Katika safu hii ya nchi jirani, leo nakualika tuvuke mpaka tuingie Kenya, tupande juu kutoka Mombasa hadi Nairobi. Ukisimama Mtito Andei, karibu nusu ya safari hiyo, utaiona reli ya zamani, nyembamba, yenye umri wa zaidi ya karne moja. Si mbali nayo utaona reli mpya, pana, iliyoinuliwa juu ya tuta refu. Ukiendelea hadi Mlolongo, kwenye lango la jiji la Nairobi, utakutana na barabara inayopita hewani juu ya nguzo, na ili uipite ni lazima ulipe.

Vyote hivyo ni vyombo vya umma. Hata hivyo havikupatikana kwa utaratibu mmoja. Kimoja kilianza kama ndoto ya kampuni, kikajengwa na serikali, kisha kikakodishwa. Kingine kilijengwa kwa mkopo na mkandarasi mmoja aliyekabidhiwa kila kitu. Cha tatu kilijengwa na mwekezaji anayejilipa mwenyewe kwa ushuru wa wapitaji. Insha hii inasimulia taratibu hizo tano kwa mfuatano wa wakati, kwa kuwa historia ya njia hii ni darasa la uraia: inatufundisha jinsi ya kuuliza habari za fedha zetu.

Tuanze na nyumba

Kabla ya kusafiri, tujenge nyumba. Tuseme shangazi yako ana kiwanja na anataka nyumba ya vyumba vitatu. Anaweza kumwendea msanifu amchoree ramani, kisha akaita wakandarasi kadhaa, kila mmoja ataje bei yake, naye achague mmoja. Huu ndio utaratibu wa kawaida katika kazi za serikali: kwanza mchoro, kisha zabuni, kisha ujenzi. Wachoraji ni wengine, wajenzi ni wengine, na mwenye nyumba yuko katikati.

Anaweza pia kununua saruji, nondo na mabati mwenyewe, akaajiri mafundi na vibarua, akawalipa kwa siku au kwa kazi. Nchini Tanzania shule na vituo vingi vya afya vimejengwa hivyo, na watu wameuzoea utaratibu huo kwa jina la fosi akaunti.

Au anaweza kumwita mkandarasi mmoja na kumwambia: chora wewe, nunua wewe, jenga wewe, mimi nipe funguo. Waandishi wa mikataba huuita utaratibu wa kusanifu na kujenga.

Au, ikiwa hana fedha, anaweza kumwambia mtu mwenye fedha: jenga katika kiwanja changu kwa mtaji wako, pangisha uchukue kodi kwa miaka 20, kisha unirudishie nyumba. Huo ni utaratibu wa kujenga, kuendesha na kukabidhi, tawi moja la kile tunachokiita ubia kati ya sekta ya umma na sekta binafsi.

Sasa jiulize. Msingi ukichimbwa na kukutana na mwamba, nani atalipa? Bei ya saruji ikipanda? Nyumba ikikamilika na wapangaji wasitokee? Kila utaratibu una jibu lake. Katika ule wa kwanza na wa pili, hasara nyingi humrudia shangazi. Katika wa tatu, mkandarasi hubeba sehemu kubwa, lakini huitia thamani yake ndani ya bei tangu mwanzo. Katika wa nne, mwekezaji husema ataibeba, na hapo ndipo inapombidi shangazi asome kila ukurasa wa mkataba, hasa zile kurasa za mwisho.

Chukua swali hilo moja, nani atabeba hasara, ulitie mfukoni. Tutalitoa katika kila kituo.

Kituo cha kwanza: kampuni yenye hati ya Malkia

Mwaka 1887 Sultani Barghash wa Zanzibar aliwapa wafanyabiashara wa Kiingereza haki ya kusimamia sehemu ya mwambao wake na kukusanya ushuru wa forodha. Mwaka uliofuata, 1888, kampuni yao ikapata hati ya kifalme kutoka London na kuitwa Imperial British East Africa Company. Kiongozi wake alikuwa William Mackinnon, Mskoti tajiri wa meli.

Tazama jinsi mapatano hayo yalivyokuwa mapana. Kampuni haikupewa barabara moja au bandari moja. Ilipewa kazi ya serikali: kutawala, kutoza ushuru, kufungua njia za bara, kufika Uganda. Wenye hisa ndio waliotarajiwa kutoa mtaji, nao walitarajia faida. Serikali ya Uingereza ilipenda mpango huo kwa sababu ulipanua himaya yake bila kufungua hazina.

Hesabu zikagoma. Bidhaa kutoka Uganda hadi pwani zilibebwa vichwani na mabegani na wapagazi kwa safari ya miezi, na gharama yake ilimeza thamani ya karibu kila kitu isipokuwa pembe za ndovu. Ilikuwa wazi kwamba bila reli biashara isingeweza kustawi, na bila biashara kampuni isingeweza kujenga reli. Kati ya mwaka 1891 na 1892 msafara wa wapimaji chini ya Kapteni Macdonald ulipima njia kutoka Mombasa hadi ziwani, na tayari fedha za upimaji huo zilitoka zaidi kwa serikali kuliko kwa kampuni. Hapo ungeweza kuuona mwisho.

Mwaka 1895 kampuni ilijiondoa, na serikali ya Uingereza ikatangaza himaya yake juu ya nchi. Kampuni ililipwa fidia ya paundi 250,000. Na sehemu kubwa zaidi ya fedha hizo haikutoka London: ilitoka katika hazina ya Zanzibar, ili kurudisha ile haki ambayo Sultani aliwahi kuitoa.

Litoe sasa swali lako. Wenye hisa walipata hasara, ndiyo, lakini sehemu ya hasara yao ilifidiwa na hazina ya watu wa Unguja na Pemba, ambao hawakuulizwa lolote. Hili litajirudia: hasara haipotei. Ikimtoka mmoja humwendea mwingine, na aghalabu humwendea yule asiyekuwepo mapatano yalipoandikwa.

Kituo cha pili: serikali yashika sururu yenyewe

Kampuni ilipoondoka, serikali ya Uingereza iliamua kujenga reli kwa mkono wake. Haikumpa mkandarasi mkuu. Iliunda kamati London, ikamteua George Whitehouse kuwa mhandisi mkuu, naye akatua Mombasa mwishoni mwa mwaka 1895. Kamati iliagiza vyuma na injini; mhandisi aliajiri watu na kuongoza kazi. Kwa lugha yetu ya nyumba, shangazi alikuwa ananunua saruji na kuwalipa vibarua.

Uamuzi huo ulikuwa na mantiki. Njia ilikuwa imepimwa kwa haraka tu. Hakuna aliyejua kwa uhakika mawe yako wapi, maji yako wapi, miteremko ya Bonde la Ufa ni mikali kiasi gani. Mkandarasi akiombwa kutaja bei moja kwa kazi asiyoijua, atakataa, au atataja bei kubwa ya kujikinga. Kwa hiyo serikali ilijibebea yenyewe mashaka yote.

Mwaka 1896 Bunge la Uingereza liliidhinisha paundi milioni 3. Hazikutosha. Mwaka 1900 likaombwa kuongeza karibu milioni 2, na kazi ilipofungwa hesabu ilikuwa imepita milioni 5. Reli ilifika mahali panapoitwa Nairobi mwezi Mei 1899, ikafika ukingoni mwa Ziwa Viktoria, penye Kisumu ya leo, mwezi Desemba 1901. Nairobi, ndugu msomaji, ilianza kama kambi na bohari ya reli, palipochaguliwa kwa sababu palikuwa na maji na uwanja tambarare kabla ya kupanda milima. Jiji lote lile ni mtoto wa uamuzi wa kihandisi.

Lakini paundi si hesabu pekee. Wafanyakazi takriban 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa mikataba ya miaka mitatu, pamoja na Waafrika wengi walioajiriwa njiani. Walivuka nyika ya Taru, ambako maji yalipaswa kubebwa kwa treni na kwa mabega. Mwaka 1898, kwenye daraja la Tsavo, simba wawili waliwala wafanyakazi hadi kazi ikasimama. Zaidi ya simba, yaliyoua yalikuwa malaria, kuhara na ajali. Wafanyakazi kutoka Bara Hindi waliokufa walikaribia 2,500, na maelfu wengine walirudishwa kwao wakiwa wagonjwa au vilema.

Hapa nataka kukusimamisha kidogo juu ya neno moja. Kibarua ni udogo wa barua. Kilikuwa kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa siku ili siku zake zihesabiwe na alipwe. Baadaye jina la karatasi likawa jina la mtu mwenyewe na la kazi yake. Ukilisikia neno hilo leo, kumbuka kwamba ndani yake kuna ushahidi wa maandishi: mtu asiye na kikaratasi hakuwa na haki ya kudai.

Jambo moja zaidi kuhusu kituo hiki. Serikali haikujenga kila kitu kwa vibarua wake. Katika mteremko wa Mau, upande wa kuelekea ziwani, palihitajika madaraja marefu ya chuma 27. Kazi hiyo alipewa mkandarasi kutoka Marekani, American Bridge Company, ayatengeneze na kuyasimamisha. Kwa hiyo hata miaka ile watu walijua kuchanganya taratibu: kazi isiyotabirika wakaifanya wenyewe, kazi inayopimika wakampa fundi wa nje kwa mkataba.

Nani alibeba hasara? Kwa fedha, mlipakodi wa Uingereza. Kwa mwili, yule kibarua. Mkataba wa bwana wa hazina ulimlinda kwa kura ya Bunge. Mkataba wa kibarua haukumlinda na homa.

Kituo cha tatu: reli yakodishwa

Tupite haraka miongo mingi. Reli ile ilikua, ikaungana na ile ya Tanganyika, ikawa mali ya pamoja ya Afrika Mashariki. Jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilichukua vipande vyake. Shirika la Reli la Kenya lilirithi njia, injini na wafanyakazi, pamoja na uchakavu. Malori yakachukua mizigo barabarani.

Mwishoni mwa karne ya 20 wakopeshaji wakubwa wa dunia walihimiza dawa moja kwa mashirika ya umma: mwachie mwekezaji aendeshe. Mwezi Novemba 2006 Kenya na Uganda zilikabidhi uendeshaji wa reli zao kwa kampuni iliyoitwa Rift Valley Railways, kwa mkataba wa miaka 25. Ardhi na njia zilibaki kuwa za serikali. Mwekezaji alipaswa kuleta mtaji, kukarabati, kuongeza mizigo na kulipa ada.

Katika karatasi mpango ulipendeza. Katika utekelezaji wamiliki wa kampuni walibadilika, mabishano juu ya ada na malengo ya mizigo hayakwisha, na kabla mkataba haujatimiza nusu ya umri wake ulivunjwa. Mwaka 2017 Kenya ilirudisha reli yake mikononi mwa shirika la umma, na Uganda ikafanya vivyo hivyo.

Usiharakishe kusema kwamba ukodishaji ni mbaya. Lililoshindikana hapa ni imani kwamba ukishatia saini umemaliza kazi. Serikali inayokodisha inahitaji wahasibu na wahandisi wake wa kumfuatilia mwekezaji kila mwaka, tena wenye maarifa sawa na wa kwake. Aliyekodisha nyumba halafu asiende kuitazama kwa miaka kumi, asishangae akikuta paa limetoboka.

Kituo cha nne: mkandarasi mmoja, mkopo mmoja

Wakati reli ya zamani ikidhoofika, Kenya iliota reli mpya ya kipimo kipana. Mwaka 2009 Wizara ya Uchukuzi ilitia saini hati ya maelewano na kampuni ya China Road and Bridge Corporation. Kampuni ilikubali kufanya upembuzi yakinifu, yaani uchunguzi wa kama mradi unafaa na utagharimu kiasi gani, bila kudai malipo. Mwaka 2012 kampuni hiyo hiyo ikapewa kazi: kusanifu, kununua mitambo na kujenga. Mwaka 2014 Benki ya Exim ya China ikatoa mikopo miwili yenye jumla ya dola za Marekani bilioni 3.2 hivi, mmoja wa masharti nafuu na mwingine wa kibiashara. Kenya ikaongeza sehemu yake.

Utaratibu huu una nguvu zake, nasi tuwe waadilifu kuzitaja. Msanifu na mjenzi wakiwa nyumba moja, hakuna kusukumiana lawama: mhandisi hawezi kusema fundi kakosea, wala fundi kusema ramani mbaya. Kazi huenda haraka, maana unaweza kuchimba msingi wa kilomita ya 10 huku ukiendelea kuchora daraja la kilomita ya 200. Na kwa hakika ilienda haraka. Reli ya takriban kilomita 470 ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017, kabla ya muda uliopangwa. Safari iliyokuwa ya usiku kucha ikawa ya saa tano hivi. Abiria waliipokea kwa furaha, na hadi leo tiketi za sikukuu hugombewa.

Lakini tazama udhaifu wake. Yule aliyepima ukubwa wa kazi ndiye aliyelipwa kwa kuifanya. Hapakuwa na zabuni ya wazi ya kulinganisha bei, kwa kuwa mkopo na mkandarasi walikuja pamoja. Katika nyumba ya shangazi, ni kama fundi kusema: nitakupimia bure idadi ya matofali yanayohitajika, mradi uyanunue kwangu.

Wakenya hawakunyamaza. Mwaka 2014 mwanaharakati Okiya Omtatah na wenzake, pamoja na Chama cha Wanasheria wa Kenya, walikwenda mahakamani wakidai kwamba ununuzi huo ulikiuka Katiba ya mwaka 2010, ambayo kifungu chake cha 227 kinataka ununuzi wa umma uwe wa haki, wenye usawa, wa wazi, wa ushindani na wenye tija. Mwezi Juni 2020 Mahakama ya Rufani ilikubaliana nao kwamba sheria haikufuatwa. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ikatengua uamuzi huo, ikiyatazama mapatano hayo kuwa yanatokana na makubaliano baina ya serikali mbili. Reli ilikuwa imekwisha kujengwa na treni zinapita. Hata hivyo kesi hiyo iliacha mafunzo: raia wa kawaida anaweza kuishika Katiba mkononi na kuiuliza serikali yake, ulinunuaje?

Na hasara? Isome kwa utulivu. Kuanzia mwaka 2013 kila bidhaa iliyoingizwa Kenya kwa matumizi ya nchini ilitozwa ushuru wa maendeleo ya reli, kwanza asilimia 1.5 ya thamani yake. Mama anayenunua ndoo ya plastiki au dawa iliyotoka ng'ambo, hata kama anaishi Turkana na hajawahi kuiona treni hiyo, ameichangia. Tena, ili reli ipate mizigo ya kulipia mkopo, mwaka 2019 serikali ilitoa amri kwamba makontena yanayokwenda bara yasafirishwe kwa treni. Mombasa ilitikisika. Madereva wa malori, wapakuzi, wenye gereji na mama lishe wa kando ya barabara waliona riziki zao zikipanda treni kwenda Nairobi. Watu waliandamana mitaani wiki baada ya wiki. Mwaka 2022 serikali mpya ilirudisha shughuli hizo Mombasa.

Mwaka huo huo, mwezi Novemba, Waziri wa Uchukuzi alitoa hadharani mikataba ya mkopo iliyokuwa imefichwa kwa miaka minane. Hapo ndipo raia waliposoma kwa macho yao kwamba migogoro ingeamuliwa Beijing, na kwamba mkataba ulidai usiri. Zingatia mfuatano huo: kwanza walilipa, kisha wakasoma.

Kituo cha tano: barabara inayojilipa

Msafiri anayeingia Nairobi kwa barabara ya Mombasa anakumbuka foleni za zamani. Kutoka Mlolongo hadi Westlands ni kilomita 27 tu, lakini ziliweza kula saa mbili au zaidi. Serikali, ikiwa tayari na mzigo wa madeni, ilichagua njia nyingine. Mwekezaji, kampuni ile ile ya China kupitia kampuni tanzu, angejenga barabara ya juu kwa fedha zake, aiendeshe na kutoza ushuru kwa miaka 27, kisha aikabidhi kwa umma. Barabara ilifunguliwa kwa magari mwezi Mei 2022.

Aliye na haraka na fedha hupanda juu, akafika uwanja wa ndege kwa dakika chache. Asiye na fedha hubaki chini, katika barabara ya zamani, ambako nguzo za ile ya juu zimechukua nafasi ya miti na sehemu ya njia ya waenda kwa miguu. Kwa upande mmoja hii ni haki: anayetumia ndiye anayelipa, na mama wa Turkana haguswi. Kwa upande mwingine ardhi iliyotumika ni ya wote, wa juu na wa chini.

Mwezi Januari 2024 ushuru ulipanda. Sababu iliyotajwa ni kudhoofika kwa shilingi mbele ya dola. Unaona sasa hasara imekwenda wapi? Mwekezaji alileta mtaji kwa dola. Mpitaji hulipa kwa shilingi. Shilingi ikianguka, tofauti humfuata mpitaji. Katika mikataba ya namna hii, swali la sarafu ni kubwa kuliko swali la lami.

Tunarudi nyumbani na nini?

Baada ya vituo vitano, usitarajie nikuambie upi ni utaratibu bora. Kila mmoja ulikuwa jibu la shida ya wakati wake. Serikali ilipokuwa haitaki kutumia fedha, iliita kampuni. Ilipokuwa haijui njia, ilijenga yenyewe. Ilipochoka kuendesha, ilikodisha. Ilipotaka haraka, ilimpa mkandarasi mmoja kila kitu. Ilipojaa madeni, ilimwita mwenye mtaji.

Na sisi Watanzania tusicheke jirani. Daraja la Kigamboni, lililofunguliwa mwaka 2016 na kupewa jina la Mwalimu Nyerere, lilijengwa kwa asilimia 60 ya fedha za Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii na asilimia 40 za serikali, na wavukaji wakatozwa ushuru. Fedha za mfuko ni akiba za wafanyakazi. Kwa hiyo mwalimu au dereva anayesubiri mafao yake ya uzeeni alikuwa, bila pengine kujua, mmoja wa wawekezaji wa daraja hilo. Wakazi wa Kigamboni walilalamikia ushuru kwa miaka, na mwaka 2022 viwango vilipunguzwa. Swali ni lile lile: wavukaji wakipunguziwa, nani atajaza pengo katika akiba za wastaafu?

Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika kazi za umma daftari ni mkataba. Kibarua wa zamani alijua umuhimu wa kikaratasi chake. Raia wa leo naye ana haki ya kukiona cha kwake. Ukisikia kwamba barabara, bandari au reli itajengwa karibu nawe, uliza mambo haya kabla hujashangilia na kabla hujalaani: nani amechora na nani anajenga, na je, ni mmoja? Bei ililinganishwa na ya nani? Deni litalipwa kwa sarafu gani? Wateja wakipungua kuliko ilivyokisiwa, nani atalipa? Na mkataba unasomwa wapi?

Kuuliza si ujinga, wala si uadui kwa maendeleo. Treni ya Mombasa ingepita vizuri vile vile hata kama mkataba wake ungesomwa mwaka 2014.

Maswali ya mjadala darasani

1. Eleza kwa maneno yako tofauti kati ya utaratibu wa kusanifu na kujenga na utaratibu wa kujenga, kuendesha na kukabidhi.
2. Kwa nini serikali ya Uingereza haikumpa mkandarasi mmoja kazi ya reli mwaka 1896? Je, ungefanya vivyo hivyo?
3. Tunga sentensi tano ukitumia maneno haya: zabuni, mkandarasi, fidia, ushuru, kibarua.
4. Chagua jengo au barabara moja ya umma karibu na kwenu. Nenda kasome bango lake la mradi. Nani ametajwa kuwa mwenye mradi, msanifu, mjenzi na mtoa fedha? Nani hakutajwa?
5. Je, ni haki mtu asiyetumia reli kulipia ujenzi wake? Andika insha fupi ya aya tatu, ukitetea upande mmoja na kuujibu ule wa pili.